Msumeno Uliokufa Mara Mbili

Siku ya kwanza ya mapumziko makubwa shemeji yangu alibisha hodi kwangu asubuhi na mapema, gunia begani. Hakuwa ameleta ndizi wala mihogo. Ndani ya gunia mlikuwa na msumeno wa mnyororo, ule ambao wapasuaji mbao wa kwetu huuita tronsonezi, nao ulikuwa umekufa. Nilishika kamba ya kuwashia nikaivuta; haikusogea hata upana wa kidole.

"Shemeji," akaniambia, "umekufa mara ya pili. Mara ya kwanza ulikufa kabla ya Pasaka. Nikanunua pistoni mpya pamoja na pete zake, zile segema, fundi mmoja wa mjini akazitia, na mashine ikalia vizuri kuliko ilivyolia siku zote. Nikashuka nayo msituni. Siku ya nne ikakwama tena, upanga wake ukiwa bado ndani ya gogo."

Wasomaji wapendwa, huenda mtasema kwamba kifo cha mashine si habari ya kuandikwa. Lakini fikirini. Shemeji yangu huondoka Bukavu, hushuka mpaka misitu ya upande wa Shabunda, hukaa huko wiki tatu au nne akipasua magogo kuwa mbao, na kazi hiyo yote huifanya kwa msumeno huo mmoja. Pistoni ile alikuwa ameinunua kwa deni, na deni lilikuwa halijalipwa. Tena mteja mmoja anayejenga nyumba alikuwa amekwisha kumpa nusu ya bei ya mbao za paa. Mwezi wa tisa watoto wanne wangehitaji malipo ya shule. Dada yangu alikuwa ameanza kusema kwamba kitu hicho kiuzwe kama chuma chakavu, nami, mtu wa chaki na kalamu, nilikuwa karibu kukubaliana naye.

Seminarini nilifundishwa kunyambua vitenzi vya Kilatini. Kufungua karburateri sikufundishwa. Kwa hiyo tulikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa jirani, fundi wa siku nyingi, ambaye karakana yake ni meza moja chini ya mti wa avoka. Wanafunzi wangu watatu wa darasa la sita wakatufuata, maana walikuwa wamesikia kwamba kuna mota itakayofunguliwa.

Mzee hakushika ufunguo wala bisibisi. Alimketisha shemeji yangu juu ya kigoda, akamwuliza kama mganga amwulizavyo mgonjwa.

"Mwanangu, kabla haujakwama, ulikuwa na tabia gani?"

"Ulikuwa na nguvu, Mzee. Ulikimbia sana."

"Ukiachilia, ulitulia?"

Shemeji yangu akafikiri. "La, haukutulia upesi. Uliendelea kukimbia kidogo, kisha ukashuka polepole. Na nikiulaza ubavu, sauti yake ilibadilika."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikalegeza skrubu ya mwendo mdogo, utulie."

Mzee akatikisa kichwa. "Ulikuwa unakuambia ugonjwa wake, wewe ukaufunga mdomo."

Umri wa chombo

Wakati mzee akitafuta vyombo vyake, wanafunzi waliniuliza kama mashine kuukuu hivyo inastahili taabu yote hiyo. Nikawasimulia niliyoyajua.

Mwaka 1926 mhandisi Andreas Stihl, mwenye karakana katika mji wa Stuttgart huko Ujerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo uliokwenda kwa umeme. Ulikuwa na uzito wa kilo 64, nao ulihitaji watu wawili. Mwaka 1927 Mjerumani mwingine, Emil Lerp, aliujaribu wa kwake juu ya mlima uitwao Dolmar, na jina la mlima likawa jina la misumeno yake. Mwaka 1929 Stihl akatoa wa mota ya esanse, kilo 46, nao bado ni wa watu wawili. Ilipofika mwaka 1950 ndipo alipotoa ule ambao mtu mmoja aliweza kuubeba na kukata nao peke yake, kilo 16. Kisha mwaka 1959 ukaja ule ulioitwa Contra: kilo 12, nguvu za farasi 6, bila gia kati ya mota na mnyororo. Misumeno mikubwa ya ukoo wa Contra iliendelea kutengenezwa miaka mingi baada yake, na mpaka leo utaisikia ikinguruma katika misitu yetu. Ni mizito, inakula esanse nyingi, lakini chuma chake ni kinene na skrubu zake zinafunguka kwa vyombo vya kawaida.

Mnyororo wenyewe una habari yake, na habari hiyo ndiyo iliyowapendeza watoto kuliko zote. Zamani meno ya mnyororo yalifanana na meno ya msumeno wa mkono, yakachoka upesi. Huko Oregon, katika Marekani, mkata miti mmoja aitwaye Joseph Cox alimtazama funza wa mbawakawa akitafuna gogo. Akaona kwamba mdudu huyo halimi mbele tu. Anakata kushoto, anakata kulia, na njia inafunguka. Cox akatengeneza mnyororo wenye jino moja linaloangalia kushoto na jingine kulia, akautoa mwaka 1947. Minyororo tunayoinoa leo ni wajukuu wa ule.

Mzee alipokwisha kuitoa silinda, niliwapa watoto rula wapime. Kipenyo cha pistoni milimita 58, mwendo wake kutoka chini hadi juu milimita 40. Wakapiga hesabu chini, juu ya vumbi, kwa kijiti: 3.14, mara 2.9, mara 2.9, mara 4. Wakapata sentimita za ujazo karibu 106, kipimo kilekile cha Contra. Chupa ndogo ya dawa ya kikohozi inazidi kidogo tu au inapungua kidogo tu. Katika nafasi hiyo, mota ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, moto huwaka zaidi ya mara 116 kwa kila sekunde. Mmoja wao alijaribu kupiga makofi kwa kasi hiyo, tukacheka.

Pistoni yasema

Pistoni ilikuwa na makovu marefu ya kusimama, kana kwamba imekwaruzwa kwa misumari. Lakini mzee akatuonyesha jambo ambalo fundi wa kwanza hakulitazama: makovu yote yalikuwa upande mmoja, upande wa tundu la moshi. Upande wa pili, pale inapoingilia esanse, chuma kilikuwa laini na chenye kung'aa.

"Kama angalisahau oili," akasema, "pistoni ingeungua pande zote. Kama ingekuwa vumbi lililopita katika kichujio, upande wa kuingilia ndio ungelika, tena ungekuwa na rangi ya kijivu isiyong'aa. Hii imeungua upande wa moshi, mahali penye joto kuliko pote. Imekula hewa nyingi mno."

Hapa lazima nieleze, maana asiyelijua jambo hili hawezi kuelewa kwa nini msumeno ulikufa huku ukiimba. Mota ya gari ina bwawa lake la oili chini, nayo hunywa esanse tupu. Mota ya msumeno, kwa kuwa ni ya mapigo mawili na hufanya kazi ikilazwa, ikisimamishwa na hata ikipinduliwa, haina bwawa hilo. Oili yake huchanganywa katika esanse tangu mwanzo. Mchanganyiko huo huingia kwanza katika chumba cha kranki, yaani kile chuma kilichopindwa kinachogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Hapo hulowesha beringi na bieli, ule mkono ulioshika pistoni. Kisha hupanda katika silinda na kuungua. Basi esanse ikipungua, oili hupungua pamoja nayo. Na mchanganyiko wenye esanse chache huungua kwa joto kali zaidi, tena esanse ile ambayo ingaliipoza pistoni kwa kugeuka mvuke haipo. Joto linaongezeka saa ileile ambayo oili inapungua. Kati ya pistoni na silinda nafasi si kubwa kuliko unywele; pistoni ikivimba kwa joto, nafasi inakwisha, na chuma kinamenyeka juu ya chuma.

Ubaya wake ni kwamba mota yenye njaa ya esanse hailalamiki. Hukimbia, hulia kwa sauti nyembamba na safi, na mwenyewe hufurahi. Sauti ile nzuri ambayo shemeji yangu aliisifu ilikuwa ni mota ikiungua.

"Sasa," akasema mzee, "hewa hiyo iliingilia wapi? Asiyelijibu swali hili asinunue pistoni."

Akafunga tundu la moshi na tundu la karburateri kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akavikaza kwa skrubu zake. Katika tundu la buji akatia kipande cha bomba alichokuwa amekichonga mwenyewe, chenye vali ya tairi, na chumba chote kikawa kimefungwa kama mtungi. Akapiga pampu ya baiskeli pole pole mpaka geji yake ikaonyesha nusu ya bar, asizidishe, maana presha kubwa inaweza kuzing'oa sili mahali pake. Mota nzima huishika presha hiyo. Hii haikuishika, mshale ulishuka mbele ya macho yetu.

Mmoja wa watoto akapewa maji ya sabuni na brashi. Akapaka kwenye unganisho la silinda na chumba cha kranki: kimya. Akapaka kwenye mpira wa karburateri: kimya. Mzee akaondoa gurudumu la sumaku, mtoto akapaka nyuma yake, pale ambapo kranki hutokeza nje ikipita katika sili, ile pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaolikumbatia chuma. Mara povu likaanza kuchemka. Watoto wakapiga kelele kama watu walioona samaki kwenye ndoana.

Sili hiyo ilikuwa imekauka kwa miaka. Mzee aliing'oa akaipinda kati ya vidole, ikakatika kama ganda la karanga. Kila mara pistoni ilipopanda, chumba cha kranki kilivuta esanse kwa mlango wa mbele, na papo hapo kikaiba hewa kwa mlango wa nyuma. Hewa hiyo ya wizi haikupita katika karburateri, kwa hiyo haikuleta esanse wala oili. Hiyo ndiyo sababu msumeno haukutulia ulipoachiliwa, na hiyo ndiyo sababu sauti ilibadilika ulipolazwa: kranki ilipoegemea upande mmoja, ufa wa sili ulifunguka au ulifungika. Fundi wa kwanza alitia pistoni mpya juu ya jeraha bovu. Simlaumu sana, kwa maana wateja wengi humwambia fundi, "Fanya upesi, nasafiri kesho," na shemeji yangu alikiri kwamba ndivyo alivyomwambia.

Kuifufua

Sili mbili mpya, segema mpya, pistoni moja: hivyo ndivyo ilivyobidi kununua, na kwa deni jingine. Silinda ilikuwa na thamani kuliko vyote hivyo pamoja, na hapo roho zetu zilikuwa juu. Ndani ilikuwa na utando wa alumini ya pistoni ulioyeyuka na kugandamana na ukuta. Mzee akachukua soda kali, ileile ambayo mama zetu hununua kwa kutengeneza sabuni, akaiyeyusha kidogo katika maji, akavaa glavu za mpira na miwani, akawafukuza watoto hatua kumi. Kwa kijiti chenye pamba akagusa ule utando tu. Soda ikaila alumini ikitoa povu jeusi, lakini ukuta wa silinda, ambao umepakwa kromu, haukudhurika. Alijihadhari sana karibu na matundu, kwa sababu pale alumini ya silinda yenyewe iko wazi nayo ingeliwa vilevile. Akafuta, akaosha kwa maji mengi, akarudia mara tatu.

Kisha akapitisha ukucha ndani, polepole, kila upande. "Mahali ukucha unapokwama," akasema, "kromu imebanduka, na silinda hiyo itupwe." Ukucha haukukwama. Shemeji yangu akavuta pumzi.

Beringi alizijaribu kwa kuitikisa kranki juu na chini: hazikuchezacheza. Bieli inaruhusiwa kusogea kidogo kwenda ubavuni, lakini juu na chini isisogee kamwe; nayo ilikuwa nzima. Segema mpya aliitia peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, akapima mwanya kati ya ncha zake: robo ya milimita, inafaa. Mwanya usipokuwapo, segema ikivimba kwa joto ncha zake hugongana na kuvunjika. Wakati wa kuivika katika pistoni, ncha hizo ziliwekwa pande mbili za kile kijimsumari kilicho mferejini, ili segema isizunguke na ncha zake zisinase matundu. Mshale wa juu ya pistoni uliangalia tundu la moshi. Vile vipete vya waya vinavyozuia pini isitoke viliwekwa vipya, mwanya wake ukiangalia chini, kamwe si ubavuni, kwa kuwa mtikiso wa pistoni ni wa juu na chini nao huweza kukirusha nje kilichowekwa vibaya. Kipete kimoja kilichoruka huharibu silinda katika nukta moja.

Baada ya kufunga, akapiga pampu tena. Nusu ya bar, na mshale ukasimama. Lakini hakuridhika. Akaigeuza ngozi ya pampu na vali ya bomba, ili badala ya kusukuma ivute, akajaribu kwa kunyonya pia. Maana mdomo wa sili, akasema, huweza kukaza unaposukumwa kutoka ndani, na bado ukaachia hewa ya nje iingie.

Cheche haikuwa na matata. Ncha za platini zilisuguliwa, mwanya wa buji ukawekwa nusu ya milimita, na kati ya sumaku ya gurudumu na koili yake akapitisha kadi ya harusi iliyokuwa nyumbani, ndiyo kipimo chake.

Karburateri ilihitaji subira zaidi. Haina boya kama ile ya gari. Ina utando mwembamba unaopanda na kushuka kwa pumzi ya chumba cha kranki, nao ndio unaovuta esanse hata msumeno ukipinduliwa. Utando wa zamani ulikuwa mgumu, ukilialia kama jani la ndizi lililokauka. Mzee akautupa. Matundu madogo akayapuliza kwa pampu. Watoto aliwakataza kutia waya ndani yake, kwa kuwa tundu lililotanuka halirudi.

Sikio na skrubu

Esanse ilichanganywa mbele yetu. Lita 5, na oili ya mapigo mawili mililita 200, yaani sehemu moja kwa sehemu 25. Oili nzuri za siku hizi huruhusu moja kwa 50, lakini mota iliyotoka kufunguliwa hupewa zaidi. Esanse yenyewe ililala usiku kucha katika chupa nyeupe, kwa maana ile ya kando ya barabara mara nyingi ina maji, na asubuhi maji huonekana chini.

Skrubu mbili za esanse, ile ya mwendo mdogo na ile ya mwendo mkubwa, zilifungwa taratibu mpaka mwisho, kisha kila moja ikafunguliwa mzunguko mmoja kamili. Vuta moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ikawaka. Shemeji yangu alitaka kuivutia moto mara moja. Mzee akamshika mkono. Mota lazima ipate joto kwanza, kichujio kiwe safi, mnyororo uwe na mkazo wake wa kawaida. Ndipo skrubu huguswa.

Akatengeneza mwendo mdogo mpaka mota ikapumua bila kuzimika na mnyororo ukasimama. Kisha akabonyeza mpaka mwisho, msumeno ukiwa hewani, akatuita tusikilize. Sauti haikuwa safi. Ilikuwa na kigugumizi, mtetemo mzito kama wa mtu anayesukutua maji kooni.

"Mbaya hiyo," akanong'ona shemeji yangu.

"Hiyo ndiyo nzuri," akajibu mzee. Akauingiza upanga katika gogo la mkaratusi lililokuwa uani. Mota ilipopata mzigo, kigugumizi kikatoweka, sauti ikawa safi, vipande vya mti vikaruka. Akautoa, kigugumizi kikarudi. "Ukiwa hewani ushibe kupita kiasi, ukiwa ndani ya mti ushibe sawasawa. Ukiimba hewani, ndani ya mti utakufa njaa."

Akaongeza onyo moja, ambalo naliandika kwa ajili ya mafundi watakaosoma ukurasa huu. Baadhi ya mashine kubwa za zamani zina kizuizi ndani ya karburateri, ambacho huongeza esanse mota inapokaribia kupita kasi yake. Mwenye kutengeneza kwa sikio husikia kigugumizi cha kizuizi akadhani skrubu imefunguliwa vya kutosha, kumbe chini ya kasi hiyo mota ina njaa. Kwa mashine hizo skrubu isifungwe zaidi ya kipimo cha kitabu chake, na sauti ihukumiwe ndani ya mti, si hewani.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akamwuliza shemeji yangu, "Utakata wapi?"

"Upande wa Shabunda."

"Na fundi wa kwanza aliutengenezea wapi?"

"Hapa hapa Bukavu."

Hapo hata mimi nilielewa, na kwa mara ya kwanza siku ile jiografia yangu ikafaa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kisangani iko karibu mita 400, na misitu ya Shabunda nayo iko chini sana kuliko vilima vyetu. Hewa ya juu ni nyepesi. Ukishuka, hewa inakuwa nzito, na kila pumzi ya mota inabeba hewa nyingi zaidi kwa uzito, lakini tundu la esanse katika karburateri haliongezi kwa kadiri ileile. Msumeno uliotengenezwa vizuri milimani unafika bondeni ukiwa na njaa, bila mtu kugusa chochote. Basi ule wa shemeji yangu ulikuwa na sili iliyopasuka, ukafungwa skrubu mjini ili uimbe, kisha ukachukuliwa bondeni. Siku nne zilikuwa nyingi.

Mzee akachukua karatasi, akachora kichwa cha skrubu na mshale, akaandika: ukifika, fungua kidogo, nusu ya robo, sikiliza hewani, kisha ndani ya mti, ukirudi Bukavu, funga ulichofungua. Akaagiza pia kwamba matangi matatu ya kwanza asiubonyeze kwa muda mrefu, na kila anapomaliza kukata auache upumue kidogo kabla ya kuuzima, ili upepo wa gurudumu uipoze silinda.

Neno langu mwenyewe lilikuwa jingine, na sikulificha. Msumeno wa umri huo hauna breki ya mnyororo, ile ambayo ilianza kutiwa katika misumeno katika miaka ya 1970. Ncha ya upanga ikigusa mti vibaya, msumeno hurukia uso wa mwenye kuushika, na hakuna cha kuusimamisha. Shemeji yangu hukata bila kofia ngumu, miguu katika kandambili. Dada yangu alisimama nyuma yangu niliposema hayo. Hakujibu kitu, lakini jioni nilimwona akimwuliza jirani bei ya viatu vya ngozi.

Aliondoka Jumatatu. Siku ya tisa simu yangu ikapokea ujumbe, nikausoma kwa sauti mbele ya dada yangu: "Shemeji, salamu. Nimefungua nusu ya robo kama karatasi inavyosema. Hewani unagugumia, ndani ya mti uko safi. Nimekwisha kupasua gogo lile la kwanza. Mwambie Mzee aniwekee sili nyingine mbili, huku kuna watu wawili misumeno yao haitulii."